Getsemane Katika Nchi ya Murang'a

Katika usharika mmoja tulioutembelea, wazee wa kanisa walikuwa wakijadili picha ya kuchorwa ukutani, nyuma ya madhabahu. Kijana mmoja fundi alikuwa ameleta kielelezo: Yesu mweusi, amesimama kati ya migomba. Mzee mmoja akauliza, "Mchungaji, tangu lini Bwana wetu akawa mtu wa tarafa yetu?" Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, kwa maana swali lile ni swali la kitheolojia hasa, nalo lilikwisha kujibiwa kwa rangi huko Murang'a, Kenya, zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Kanisa Kuu la Waanglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Wagikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau kwa kukataa kula kiapo. Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi mwaka 1955, mji huo ungali ukiitwa Fort Hall. Michoro mitano ya ukutani ilikamilishwa mwaka 1959 na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere. Ni Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Getsemane na Kusulibiwa. Yesu ni Mwafrika, walio pamoja naye ni Waafrika, na nchi inayowazunguka ni nchi ya Wagikuyu.

Wengi wanaoisifu kazi hii huishia hapo: Yesu amevikwa ngozi yetu, basi. Kwetu sifa hiyo ni ndogo mno. Picha iliyogeuza rangi ya uso tu haijafika nyumbani. Tena ikumbukwe kwamba mchoraji mwenyewe alikuwa mgeni Murang'a. Hata hivyo, mtu aliyekulia miteremko ya Kilimanjaro hakosi kuitambua nchi ya migongo na mabonde kama ile, wala maisha ya watu wanaojuana kwa koo na kwa majirani. (Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ndivyo vyombo vya kulipokea Neno kwa Wachagga. Tuna mengi ya kumlaumu Gutmann, lakini hili si mojawapo.)

Kati ya michoro yote mitano, Kuzaliwa ndio mwepesi zaidi kupendwa. Mtazamaji huuona utulivu wa nyumbani, akaridhika, akaenda zake. Getsemane haumruhusu kuondoka hivyo. Natuwafikirie watu wa Murang'a waliouona mara ya kwanza. Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, ilikuwa haijaondolewa. Wagikuyu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishwa kwa nguvu, wakawekwa katika vijiji vyenye ulinzi. Kwa watu hao miti wakati wa usiku haikuwa mandhari. Mtu aliyeonekana peke yake gizani aliweza kukamatwa na askari, na aliyelala nyumbani mwake aliweza kuamshwa na wenye kulazimisha kiapo. Walijua sauti ya watu wenye silaha wakija usiku kumtafuta mtu mmoja, na walijua pia usingizi wa rafiki aliyeona ni heri asisikie. Pengine ndugu yake huyo alikuwa msituni, na ndugu mwingine alikuwa katika kikosi cha walinzi.

Hapo ndipo, kwa maoni yetu, mchoro unalipita kusudi la ukumbusho. Kanisa lilijengwa kwa ajili ya wafu wa upande mmoja, nao wanastahili. Damu yao hatuidharau. Lakini aliyemleta Yesu kwenye vilima vile hawezi kuamuru ni mama gani atakayemtambua mwanawe katika Kristo aliyesulibiwa. Mjane wa mpiganaji wa msituni akiingia kanisani humo, anaona vilima vile vile alivyovijua, na mtu mweusi ameangikwa. Kama mchoraji alikusudia hivyo au la, hatudai kujua. Nchi iliyochorwa kwa uaminifu hubeba wafu wake wote, hata wale ambao waliolijenga kanisa hawakuwakumbuka. Yesu mwenye sura ya Kizungu, katika bustani isiyojulikana, asingeweza kumsumbua mtu yeyote Murang'a.

Tulimjibu yule mzee kwamba Bwana wetu alikuwa mtu wa Nazareti, kijiji ambacho watu wa siku zake walikidharau, na kwamba asiyekuwa na tarafa hakutwaa mwili. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza jambo ambalo hatukuwa tumelitazamia: ikiwa ni tarafa yetu kweli, je, kijana atauchora pia mgogoro wetu wa shamba, uliotutenga na jirani zetu hata hatushiriki nao Meza ya Bwana? Kijana akatazama kielelezo chake, akaomba apewe mwezi mmoja zaidi.

Tulipoondoka, ukuta ulikuwa ungali mweupe.