Mchanganyiko wa Gesi katika Mtambo wa Mkonge wa Hale

Gesi inayotoka kwenye mabaki ya mkonge yaliyovunda ni mchanganyiko. Metheni huwa kama asilimia 60, kaboni dioksidi hushika karibu sehemu yote iliyobaki, na ndani yake mna mvuke wa maji na salfidi ya hidrojeni kidogo, ile inayonuka mayai viza. Mtambo wa Hale, jirani na Mnyuzi wilayani Korogwe, ulizinduliwa mwaka 2008 ili kuigeuza gesi hiyo kuwa umeme wa kilowati 150. Ulikuwa mradi wa kampuni ya Katani, uliosaidiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda.

Malighafi ipo tele. Korona, yaani mashine ya kukwangua majani, ikishafanya kazi yake, singa zinazopatikana hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani. Nyama ya jani na maji yake vilitupwa kwa miongo mingi, vikachafua mito.

Ugumu umo ndani ya tangi la kuvundishia mabaki hayo. Singa fupi zilizoponyoka kwenye korona huelea, hushikamana na kufanya utando mzito unaozuia gesi kupanda. Nyingine hujisokota kwenye mapanga ya kukorogea. Kwa hiyo kukoroga ndiyo kazi inayostahili uangalizi kuliko injini yenyewe. Maji ya mkonge pia ni machachu. Yakiingizwa mengi kwa mkupuo, bakteria wa asidi huwazidi nguvu wale wa metheni, na kaboni dioksidi huongezeka kwenye gesi. Fundi makini akiona hivyo hupunguza kulisha tangi mapema, kabla gesi haijakatika.

Salfidi ya hidrojeni lazima iondolewe, kwani ikiungua huzaa asidi inayokula vyuma vya injini. Gesi hupitishwa kwenye chembe za chuma chenye kutu, au hewa kidogo sana huingizwa juu ya tangi ili bakteria waigeuze salfidi hiyo kuwa salfa ya unga wa manjano. Kipimo cha hewa hiyo hakina mzaha: metheni ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ndani ya hewa, cheche moja hulipua.

Mwisho ni injini. Lita 1 ya metheni huhitaji takriban lita 9.5 za hewa ili iungue yote. Kwa lita 1 ya gesi yenye metheni asilimia 60, ni lita 5.7. Metheni ikishuka hadi asilimia 50, hewa inayotakiwa ni lita 4.8 tu. Vali isiporekebishwa, hewa huzidi, injini hukohoa na umeme hupungua.