Dakika 11 Nilizozikata

Mdogo wangu aliitazama video yangu mpaka mwisho akiwa Mafinga, kisha akanitumia ujumbe mmoja tu: "Dada, hicho kibendera ulikuwa unakitafuta au kilikuwa kinakusubiri?"

Nilicheka. Baadaye nikaudhika, maana alikuwa amegusa penyewe.

Video ilikuwa ya mbio za ramani na dira. Unakabidhiwa ramani pale pa kuanzia, saa inaanza kuhesabu, unaingia msituni kutafuta vituo kwa mpangilio uliochorwa. Kila kituo kina kibendera cheupe na cha rangi ya chungwa. Njia ya kukifikia ni juu yako. Mashindano ya kwanza ya wazi yalifanyika Norwei mwaka 1897, na mpaka leo mchezo huu una wenyewe kule kaskazini mwa Ulaya. Mimi niliuokota Uppsala, Uswidi, ninakosoma shahada ya uzamili. Msitu nilioukulia ni wa Sao Hill, ambako misonobari imepandwa kwa mistari kama mahindi. Msitu wa huku haukupandwa kwa ajili ya mtu kupita. Mawe makubwa kama magari yamefunikwa na majani mororo, hujui mguu unakanyaga nini, na kati ya mawe kuna vinamasi.

Wakimbiaji wengi hujifunga kamera ndogo kichwani, kisha hupandisha video mtandaoni. Nimetazama nyingi, pengine kuliko kurasa za tasnifu yangu nilizoandika. Nyingi hazifai. Si kwamba picha ni mbaya. Picha ni safi kupita kiasi. Lenzi pana hulaza milima: mteremko ulionifanya nishuke kwa makalio, kwenye kioo unaonekana kama uwanja wa shule. Na mhariri, ambaye ndiye mkimbiaji mwenyewe, huunganisha kituo na kituo, muziki ukipiga, ikawa mtu anakimbia tu na vibendera vinajitokeza.

Ugumu wa ardhi hii hauko miguuni peke yake. Kwenye ramani zetu nyeupe si uwanja, nyeupe ni msitu unaopitika kwa mbio. Kijani ndicho cha kuogopa. Kadiri kinavyokolea ndivyo vichaka vinavyokukaba. Kontua zimepishana mita 5, kwa hiyo kilima kidogo unachokiona mbele yako huenda ramani imekipa mstari mmoja tu wa kahawia, au haikukipa kitu. Kazi yote ni kuuliza, kila baada ya hatua chache, kama hiki ninachokiona ndicho kile kilichochorwa. Kamera haioni swali hilo. Inachoweza kuona ni kichwa kikigeuka, mwendo ukipungua, ramani ikiinuliwa mara ya pili na ya tatu. Video nzuri chache nilizokutana nazo zimeyaacha hayo yote. Ndani yake utaona hata mabingwa wakipunguza kasi kabla ya kituo, karibu watembee.

Televisheni, kwa kushangaza, huwa kweli zaidi. Kila Juni Ufini huwa na Jukola, mbio za kupokezana za wakimbiaji 7 zinazoanza usiku na kuisha asubuhi, jina lake limetoka kwenye riwaya ya Aleksis Kivi. Sehemu kubwa ya unachotazama ni nukta za GPS zikitembea juu ya ramani. Hakuna jasho, hakuna miti. Lakini nukta ikisimama, ikarudi nyuma, ikazunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga, unashika tama. Nukta haina mahali pa kujificha.

Mimi nilijificha. Kati ya kituo cha 5 na cha 6 nilipoteza dakika 11. Kulikuwa na vilima viwili vinavyofanana kando ya kinamasi, nikachukua kimoja kuwa kingine, na kwa kuwa nilikuwa na uhakika nikaanza kuilaumu ramani. Nilizama mpaka magotini. Nilipofika nyumbani nilikata kipande chote, nikaunganisha kwa picha ya tawi linalopita usoni ili mshono usionekane. Ninasomea uandishi wa habari. Ninajua kitendo hicho kinaitwaje kwenye maandishi.

Kuna kisa ambacho kila mtu wa mchezo huu anakijua. Mwaka 2009, kwenye mbio za kupokezana za ubingwa wa dunia huko Miskolc, Hungaria, Martin Johansson wa Uswidi alichomwa na kijiti kirefu mguuni katika mzunguko wa mwisho. Thierry Gueorgiou wa Ufaransa, Anders Nordberg wa Norwei na Michal Smola wa Cheki, waliokuwa wakigombea medali, walisimama kumsaidia. Medali zikaenda kwa wengine. Sasa chukua karatasi ya matokeo peke yake: utaona muda mrefu usio na maelezo. Haikuambii nani alipotea na nani alisimama kumwokoa mwenzake. Ukiwa na mkasi wa mhariri, dakika hizo ndizo za kwanza kuondoka, maana hapo hakuna anayekimbia.

Nimezirudisha dakika zangu, na ramani nimeiweka pembeni mwa kioo. Hazivutii. Dakika ya tatu unaona matope na mkono wangu tu. Dakika ya sita nasikika nikimtukana mchora ramani, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo mama asingependa kuisikia. Dakika ya nane nanyamaza, nageuza ramani, nasimama kabisa. Rafiki mmoja wa klabuni ameniambia nipunguze, imekuwa ndefu mno. Huenda ana haki. Dakika ya nne na ya tano kwa kweli zinarudia.

Nimemtumia tena mdogo wangu. Safari hii alisimamisha video katikati, akakuza ramani, akapiga picha ya kioo na kuichora duara jekundu. "Kilima ni hicho cha kushoto, dada," aliandika. "Mbona unaelekea kulia?"