Kuhuisha Msitu: Riwaya ya El bosque animado katika Filamu ya Dygra Films

Istilahi ya Kiswahili "uhuishaji" imejengwa juu ya kitenzi "huisha", yaani kutia uhai. Kihispania nacho kina neno lenye mzigo kama huo: "animado" hueleza kitu kilichojaa uhai, na vilevile hueleza picha zilizochorwa zikatembea. Mwaka 2001, studio ya Dygra Films ya mjini A Coruña, katika jimbo la Galisia kaskazini-magharibi mwa Uhispania, ilizibeba maana zote mbili ilipotoa El bosque animado, filamu iliyoongozwa na Ángel de la Cruz na Manolo Gómez. Filamu hiyo hutajwa kuwa ya kwanza ndefu barani Ulaya kuhuishwa kwa kompyuta, na mwaka 2002 ilipata tuzo ya Goya ya filamu bora ya uhuishaji. Makala haya yanadai kuwa ilifaulu zaidi kuitembeza picha kuliko kuutia msitu uhai.

Chimbuko la filamu ni riwaya ya Wenceslao Fernández Flórez iliyochapishwa mwaka 1943. Mandhari yake ni Cecebre, penye "fraga", neno la Kigalisia linalotaja msitu mnene wa miti ya namna nyingi. Ndani ya msitu huo, fuko, mti, mzimu na maskini hupewa uzito uleule. Humo wamo Geraldo, mchimba visima mwenye ulemavu wa mguu, na Malvís, kibarua aliyegeuka jambazi na kujiita Fendetestas kwa sababu ya ufukara. Uhai wa msitu unatokana na ujirani huo.

Studio inastahili sifa kwa kukihifadhi kisa cha nguzo ya simu. Nguzo inasimikwa msituni, nayo miti inaidhania kuwa mti wa aina ngeni. Mgeni huyo anajikweza kwa manufaa yake na kuwadharau wenyeji wanaocheza na upepo. Kisa hiki hakina mbio wala vita. Ni mazungumzo matupu, na ingekuwa rahisi kukifuta katika filamu ya watoto. Kubaki kwake kunaonyesha kuwa watengenezaji waliielewa kejeli ya riwaya: kilichokufa kinawafundisha walio hai namna ya kuishi.

Hata hivyo, namna kisa kinavyowasilishwa inaidhoofisha kejeli hiyo. Katika riwaya, msomaji huachwa na shaka: je, miti inasema kweli, au ni msimulizi anayeisemea kwa tabasamu? Kompyuta imeiondoa shaka hiyo kwa kuipa miti nyuso. Mti wenye macho na mdomo si mti tena. Ni mtu aliyevaa gome.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika uteuzi wa wahusika. Mhimili wa filamu ni fuko Furi anayempenda Linda, na hatari inatoka kwa tajiri D'Abondo. Kwa hiyo uovu umepata sura moja, nao unaweza kushindwa kabla pazia halijafungwa. Ufukara wa Cecebre katika riwaya hauna sura ya mtu mmoja, wala hakuna shujaa anayeweza kuufukuza.

Ulinganisho na filamu ya José Luis Cuerda ya mwaka 1987, yenye jina lilelile na iliyoigizwa na watu, unalikamilisha hoja hili. Cuerda alimfuata Fendetestas na wanakijiji wenzake. Dygra ikawafuata mafuko na miti. Kila filamu ilichukua nusu ya riwaya, ilhali siri ya Fernández Flórez ilikuwa katika kuziweka nusu hizo chini ya kivuli kimoja.

Funzo kwa uhakiki wa Kiswahili ni la kiistilahi na la kisanaa pia. Ikiwa "kuhuisha" ni kutia uhai, basi kazi ya fasihi iliyogeuzwa kuwa filamu haipaswi kupimwa kwa ulaini wa mwendo wa picha peke yake. Swali la kwanza liwe: ni nani waliokuwa hai katika matini ya awali, na wangapi kati yao wamevuka wakiwa hai?