Kidole Kwenye Mshipi

Maji ya Ziwa Kitangiri hayaonyeshi kitu. Ziwa hilo la wilaya ya Iramba ni pana, lakini halina kina. Mto Wembere unaliletea maji yaliyopita kwenye mbuga za tope, na mto Sibiti unayatoa kuyapeleka Ziwa Eyasi. Upepo ukivuma mchana, tope la chini linapanda juu, nawe ukitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko huvioni vidole vyako. Humo ndimo babu yangu alimojifunzia kuvua kwa mshipi, na ndimo alimonifundishia.

Nimesoma mengi kuhusu uvuvi wa nzi bandia, ambao nchini Kenya ulipata nafasi baada ya samaki aina ya trauti kuletwa mwaka 1905 na kupandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Mvuvi hufunga manyoya na nyuzi kwenye ndoano mpaka ifanane na mdudu, kisha huitua juu ya maji maangavu kama vile mdudu ameanguka mwenyewe. Ni ufundi mkubwa na nauheshimu. Lakini wote unategemea jicho la samaki, na kambare wa Kitangiri ana vijicho vidogo visivyomsaidia sana kwenye tope. Anachotegemea ni sharubu zake nane, ambazo kwazo hupapasa na kuonja kila anachokikaribia. Wa namna hiyo humdanganyi kwa manyoya.

Kwa hiyo babu huanzia kwenye harufu. Utumbo wa kuku huuweka juani ndani ya kopo lenye kifuniko mpaka uanze kunuka, lakini usilainike kupita kiasi, maana ukilainika unachomoka kwenye ndoano. Kuna wavuvi wa Ziwa Victoria wanaotega kambare kwa kipande cha sabuni ya mche. Babu aliwahi kuijaribu, akarudi kwenye utumbo wake.

Ndoano mpya haiamini. Huinoa taratibu kwenye jiwe laini, akiizungusha ili ncha ichongoke pande zote, halafu huipitisha juu ya ukucha wa dole gumba bila kuikandamiza. Ikiteleza, inarudi jiweni. Ikikwama, imekubali. Kisha huifunga: uzi unapita kwenye tundu, unajisokota mara tano, ncha yake inarudi chini, halafu fundo linalowanishwa kwa mate kabla ya kukazwa. Nailoni ikikazwa ikiwa kavu inajichoma kwa msuguano, na kambare mkubwa ataikatia hapo hapo. Haya yote huyafanya polepole, hata kama jua linakaribia kuzama na mimi nimesimama nikihangaika.

Hana fimbo wala boya. Ana mshipi, chubwi ndogo, na kidole cha shahada ambacho uzi umelala juu yake. Hapo ndipo ninapomwona fundi. Chubwi ikigusa chini anajua kama imetua kwenye tope au kwenye mizizi ya matete. Perege akifika, anadonoa haraka haraka na kuacha. Kambare hana papara. Uzi unazidi uzito kidogo tu, kama kwamba maji yenyewe yameegemea.

“Babu, anavuta!”

“Bado, mjukuu wangu. Huyo anaonja. Mwachie.”

Naye huuachia uzi kiasi cha shibiri moja, au mbili. Uzi ukianza kwenda moja kwa moja bila kusita, mkono wake unapanda mara moja, na samaki amenasa kwenye pembe ya mdomo. Mimi nilichukua miaka kuzoea kule kuachia, kwa sababu mwili mzima unataka kuvuta.

Mshipi una jambo jingine ambalo babu alilijua kwa kutazama. Perege wa Kitangiri, ambaye jamaa zake wanaishi pia katika maziwa ya magadi ya Manyara, Eyasi na Singida, huatamia mayai mdomoni. Jike huyabeba humo mpaka yaanguliwe, na vifaranga hukimbilia humo humo hatari ikitokea. Muda wote huo hali, au hula kidogo sana. Chambo kinaning'inia mbele yake naye anakipita. Kokoro, ule wavu wa kukokota, halina uungwana huo; linakomba mama na watoto mdomoni mwake. Sheria inalipiga marufuku, na kwa maoni yangu marufuku hiyo imechelewa kuheshimiwa katika ziwa linalosinyaa kila mvua zinapopungua.

Babu ameongeza marufuku yake mwenyewe. Kwenye kopo lake hamna ndoano ndogo hata moja. Mwenye duka akimwambia kwamba hizo ndizo zinazoshika wengi, hujibu kwamba anajua, kisha anaomba aonyeshwe zile kubwa.