Vumbi la Meru na Mkono wa Fundi

Agosti hapa Arusha watu huvaa sweta na kila kitu kingine huvaa vumbi. Masika yamekwisha, vuli bado ni mbali, na visulisuli vinainuka kwenye tambarare za Kisongo. Udongo wetu ni zao la majivu ya Mlima Meru, volkano yenye urefu wa mita 4,566 iliyotema majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Majivu hayo, yakishasagwa na miaka na matairi, huwa laini kama unga wa sembe na hupenya hata kwenye kabati lililofungwa. Kwenye kompyuta hayahitaji kupenya, maana feni inayavuta ndani kutwa nzima.

Asubuhi moja nilikaa kwenye baraza ya fundi wa kompyuta mtaa wa Ngarenaro nikimtazama akifanya kazi ambayo wengi huiona ndogo. Dada mwenye steshenari alikuja amekumbatia lile sanduku tunaloliita CPU.

“Shikamoo fundi. Inazima yenyewe nikiwa katikati ya kazi ya mtu.”

“Marahaba mwanangu. Inakaa mezani au chini?”

“Chini, karibu na mlango.”

“Na mlango unatazama barabara ya vumbi.”

Dada aliitikia kwa kichwa. Fundi hakushika bisibisi. Aliiwasha mashine, akainamisha sikio. Feni ilikuwa ikivuma kama pikipiki inayopanda kilima cha Sanawari. Alisikiliza dakika kadhaa, kisha akaizima, akachomoa waya wa umeme ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia ili umeme uliobaki ndani umalizike. Halafu akavua sweta.

Sikuelewa mpaka aliponieleza. Msimu wa ukavu, sweta likisuguana na mwili huzaa umeme tuli, ule unaokushtua ukigusa kitasa cha mlango. Kwetu ni mshtuko wa kitambo tu, lakini kwa chipu ni radi. Kabla ya kugusa kifaa chochote ndani, alishika kwanza chuma kitupu cha sanduku, na alikirudia chuma hicho kila aliponyanyuka na kurudi. Kisha akapiga picha kwa simu yake, ili kila waya urudi ulikotoka.

Ndani palikuwa na blanketi la kijivu. Kati ya feni na mapezi ya alumini yanayopoza prosesa vumbi lilikuwa limeshikamana mpaka limekuwa kama kipande cha sufi. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya asilimia 10. Ubaridi wetu unasaidia, lakini hewa nyepesi hubeba joto pungufu, na ikizibiwa njia haibebi chochote. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi joto 100 hupunguza mwendo, na joto likizidi mashine hujizima isiungue. Kompyuta ya dada ilikuwa inajiokoa.

Alianza na kipoza joto kikiwa bado na uvuguvugu wa zile dakika za kusikiliza. Kumbe aliiwasha mashine kwa sababu mbili. Pesti iliyo kati ya chuma na prosesa ikipoa hukakamaa kama ukoko wa ugali, na anayevuta kwa nguvu anaweza kung’oa prosesa pamoja nayo. Alikizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, kikaachia chenyewe. Pesti ya zamani aliifuta kwa kitambaa laini chenye spiriti ya isopropili, inayokauka bila kuacha maji.

Baadaye alichukua brashi laini na blowa ndogo, akaigeuza meza ili upepo umpige mgongoni na vumbi liende zake uani. Alishuka kutoka juu kwenda chini, kama afagiaye ngazi. Brashi hulegeza, blowa hupuliza kwa pumzi fupi fupi. Kila alipopuliza feni, kidole kimoja cha mkono wa kushoto kiliizuia isizunguke, kwa sababu feni inayozungushwa na upepo wa nje hupita mwendo wake na huweza kuharibu beringi, na inaweza hata kurudisha umeme kwenye bodi.

Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake alishauri waipeleke gereji ya jirani, ikapulizwe kwa kompresa. Fundi alikataa kwa upole. Kompresa ya gereji hutoa upepo wenye maji na oili, na nguvu yake hung’oa vitu. Mashine ya kunyonya vumbi nayo huzaa umeme tuli karibu na bodi. Na sanduku la umeme, lile lenye feni yake nyuma, alilipuliza kupitia matundu tu. Kulifungua hafungui, kwa kuwa kapasita zake huweza kushikilia umeme wa kudhuru hata waya ukiwa umechomolewa.

Hapo nikaona ukubwa wa ufundi wake: nusu ya kazi ilikuwa katika yale aliyoyaacha bila kuyagusa. Kufuta vumbi kila mtu anaweza. Kujua mkono ukome wapi hakufundishwi kwa siku moja, na yeye hakuwa na wa kumfundisha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na milango ilifunguka tena miaka ya 1990. Mafundi wa rika lake hawakurithi kazi hii kwa baba wala mjomba. Walifungua, wakatazama, wakakosea, wakakumbuka.

Aliweka tone la pesti mpya, dogo kama punje ya choroko, akarudisha kipoza joto akikaza skrubu kona kwa kona, kama zinavyokazwa nati za tairi, ili uzito ukae sawa. Ramu alizisukuma mpaka zikalia “ka” pande zote mbili. Mwisho alitazama kisahani cha skrubu: kilikuwa kitupu. Aliiwasha ikiwa bado wazi, tukaiona feni ikizunguka. Safari hii ilibidi mimi niinamishe sikio ndipo niisikie.

Ewe mwenye steshenari, mwalimu, karani, mwenye kompyuta yoyote chini ya mlima huu: inyanyue kutoka sakafuni, hata kwa matofali mawili na ubao. Mpelekee fundi kabla ya vuli, kwa sababu vumbi likipata unyevu huanza kupitisha umeme pasipostahili. Na akikutajia bei usimwambie “si umepuliza tu?” Unamlipa kwa vumbi alilotoa, na zaidi kwa vyote alivyoviacha vizima.