Sisi tunaokaa kiti cha mbele

Wandugu, leo sitaandika juu ya mbegu wala mbolea. Nitaandika juu ya balabala, na kwanza nitajishitaki mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, mvua inapiga. Tulitoka Likasi na pikapu tukirudi Kakanda, nyuma tumebeba urea ya mahindi. Wakulima niliwaambia saa mbili ya asubuhi, na tulikuwa tumechelewa. Mbele yetu kulikuwa na kamyo. Shofere akatoka kuipita. Kule mbele alikuwa anakuja papa mmoja na kinga, mifuko mitatu ya makala nyuma, anasukuma kwa mikono. Hakuwa na pa kwenda. Akajitupa pembeni, mu mufereji, yeye na kinga yake. Ndani ya kioo niliona mufuko umepasuka, makala inamwangika mu maji.

Shofere akasema: «Aliniona. Angetoka mapema.» Mimi nikaangalia saa. Hatukusimama.

Tulifika kwa wakati. Wakulima walikuwa bado chini ya mti, wanangoja mvua ipunguke. Haraka yetu yote haikusaidia mtu hata mmoja.

Toka siku ile, kila nikisikia wasomi wenzangu wakisema «bashofere ni wabaya», ninajiuliza: na sisi tunaokaa pembeni yao? Juu ya nini hatuna jina katika hesabu hii?

Tuanze na balabala yenyewe. Watu wanasema mvua ndiyo inaiharibu. Mvua inamaliza kazi, lakini haianzi peke yake. Kati ya 1958 na 1960, Wamarekani walijenga balabala za majaribio kule Illinois na kuzipitisha makamyo usiku na mchana ili waone zinavunjika namna gani. Walichokuta wainjenieri wanakitumia mpaka leo: uzito wa ekseli ukiongezeka mara 2, madhara kwa balabala yanaongezeka karibu mara 16. Ekseli ni ile chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Basi chukua ekseli ya tani 10, ongeza tani 2 tu za «bonus»: madhara yanapita mara 2. Na kinga ya makala je? Kama gurudumu lake linabeba kilo 100, ekseli ya tani 10 inaumiza balabala kama mara milioni 100 kuliko yeye. Yule papa hajaharibu kitu. Lakini nani anaanguka mu shimo? Ni yeye.

Wanaagronomia wanaelewa hii bila shida. Trakta nzito ikipita mu shamba lenye maji, udongo unafinyana na mizizi inakosa njia. Balabala vilevile. Magurudumu mazito yanapokanyaga ukingo wa lami, ukingo unapasuka. Maji yanaingia chini, udongo mwekundu uliobeba lami unalainika, kiisha kipande kinakatika. Wiki hadi wiki lami inazidi kuwa nyembamba. Na ukingo ule ndiyo njia ya wa kinga! Ndiyo maana anaingia katikati. Sisi tuliokaa ndani ya motoka tunasema «angalia namna anavyoyumbayumba, hajui kuendesha». Kumbe anakwepa shimo ambalo hakulichimba.

Kiisha kuna mbio. Motoka ikienda kilometa 80 kwa saa, inakula metre 22 kila sekunde. Ukipandisha mbio mara 2, nafasi inayotakiwa ili breki ikusimamishe inakuwa mara 4, na juu ya lami yenye maji inazidi tena. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu karibu milioni 1.19 wanaokufa kila mwaka mu ajali za balabala, na zaidi ya nusu yao ni wa miguu, wa kinga na wa pikipiki. Shirika hilo linasema pia kwamba kupunguza mbio kwa asilimia 5 tu kunaweza kupunguza ajali za kifo kwa asilimia 30. Asilimia 5 ya 80 ni kilometa 4. Ni kitu kidogo sana kuomba.

Huku kwetu kuna jambo lingine. Makamyo mengi yanaingilia Kasumbalesa, yanatoka Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini, kule wanapitia upande wa kushoto na sukani iko kuume. Sisi tunapitia kuume. Basi shofere wa sukani ya kuume akitaka kupita mwenzake, lazima atoe kichwa kizima cha kamyo nje ndipo aone kama kuna mtu. Mu sekunde ile, wa kinga anayekuja hana ulinzi mwingine isipokuwa mufereji.

Na mzigo wenyewe si mchezo. Shaba na kobalti yetu inayeyushwa kwa asidi ya sulfuri, na asidi hiyo inapita mu balabala hii hii. Mwezi wa pili 2019, kamyo ya asidi iligongana na magari mengine karibu na Tenke, kwenye njia ya Lubumbashi na Kolwezi. Watu karibu 20 walikufa. Tulilia siku chache. Kiisha tulirudia mwendo paka ule ule.

Najua mtakachonijibu. Wa kinga hana taa, anabeba kupita kiasi, anatembea usiku. Ni kweli, na taa ni lazima. Lakini kosa lake linamuua yeye. Kosa letu linamuua yeye pia. Hapo ndipo hesabu inakataa kulingana.

Tena shofere hajipangii saa. Saa inapangwa na mwenye ofisi, mwenye programu, mwenye lisanse. Tani zinaandikwa na mtu mwenye kalamu. Siku ile mimi ndiye niliyesema saa mbili. Shofere alikanyaga, lakini haraka ilikuwa yangu.

Kwa hiyo ninyi mnaomaliza masomo mwaka huu, siku mtakapopewa motoka na shofere: pangeni saa mkiwa mmehesabu mvua na mashimo. Msiweke saini juu ya mzigo uliozidi. Mtu akianguka, simameni, hata kama hamkumugusa. Na ongeeni. Shofere ni mkubwa wetu, ndiyo, lakini heshima haikatazi kusema.

Nilirudi mara mbili mahali pale kumtafuta yule papa, nimulipe makala yake. Nilikuta wengine, kila mmoja na kinga yake na mifuko yake, hakuna aliyemjua. Wiki iliyopita, njia ile ile, tulimukuta mama na mtoto juu ya kinga. Nikasema: «Vié, punguza kidogo.» Akaniangalia, akapunguza. Hakukasirika. Ningeweza kuyasema maneno hayo ile siku ya urea.