Mkia wa Panya

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kuandika 'mchezo wa maneno' tu si kuhakiki. Onyesha ni sauti ipi iliyobeba maana mbili. Chukua kitabu cha Lewis Carroll cha 1865 kuhusu Alice, chenye michoro ya John Tenniel. Panya anasimulia kisa chake, nacho kimepigwa chapa kikijipinda mithili ya mkia, herufi zikipungua hadi nchani. Kwa Kiingereza, 'kisa' na 'mkia' hutamkwa sawa ila huendelezwa tofauti.

Tafsiri ya 1940, Elisi katika Nchi ya Ajabu, ilimchora Elisi kama msichana Mwafrika. Picha ilihamika, mzaha je? Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, hivyo ujanja huo haupenyi. Sisi tuna vitawe: paa amepaa juu ya paa. Hebu mchore huyo!